Mtawa wa Ueno

Nilipofika Tokyo kwa mafunzo ya miezi mitatu, haikuchukua wiki moja kabla sijaacha mazoea ya Kariakoo ya kuvaa mkoba kifuani. Nilikuwa nimewaona watu mgahawani wakiacha simu mezani ili kushika nafasi, kisha wakaenda kupanga foleni ya chakula bila hata kugeuka nyuma, nami nikajiambia kwamba mji wa namna hii hauna wa kumwogopa.

Jumapili moja asubuhi nilishuka stesheni ya Ueno nikaenda kutembea bustanini, kando ya bwawa la Shinobazu. Mzee mwenye kipara, aliyevaa joho la kahawia, alinijia akitabasamu, akanitia kiganjani kadi ndogo ya rangi ya dhahabu, na kabla sijaitazama vizuri akawa ameshanivisha shanga za mbao mkononi. Niliinama kwa adabu, nikidhani nimebarikiwa. Ndipo akafungua daftari lenye majina, nchi na viwango vya yeni: 3,000, 5,000, 10,000. Niliona wazi kwamba mwandiko ulikuwa mmoja kuanzia juu hadi chini, na bado nikatoa. Mtu aliyekulia kwenye kadi za michango ya harusi anaijua aibu ya kuandika kiasi kidogo chini ya jina la mwenzake. Nilitoa 2,000, akagonga kwa kidole mstari wa 5,000, nikaongeza 1,000, naye akafunga daftari na kuondoka bila kuaga.

Mwenyeji wangu kazini, nilipomsimulia, aliona haya kuliko mimi. Alinieleza kwamba mtawa wa kweli wa Kibudha anayeomba sadaka, desturi wanayoiita takuhatsu, mara nyingi husimama mahali pamoja, bakuli mkononi, akisoma sala, wala hamfuati mtu, hauzi shanga, hapangi kiwango. Alinihimiza niende kwenye kituo kidogo cha polisi, koban, ambacho hakikuwa mbali na pale bustanini. Sikwenda, ningeanzaje kueleza kwamba fedha nilizitoa mwenyewe?

Wiki chache baadaye, nje ya stesheni nyingine, nilimkuta mtawa mmoja amesimama kimya, uso umefichwa na kofia pana ya ukindu. Nilitumbukiza sarafu ya yeni 100 katika bakuli. Alitikisa kengele mara moja na kuinama, na mimi nikabaki nimesimama pale kwa muda, nikisubiri daftari.