Kamba ya Ndoo na Kamba ya Mtu

Treni iliondoka Kigoma jioni, jua likizama upande wa Kongo, nami nilikuwa nimekaa dirishani katika behewa la daraja la tatu nikiwa na begi lenye buti, glovu za ngozi na suruali mbili nzito, vitu ambavyo mwalimu wetu alikuwa amenisisitizia kwa simu kwamba nisifike Nzega bila kuwa navyo. Mama mmoja aliyekuwa akipeleka dagaa Tabora aliniuliza ninakwenda kufanya nini huko. Nilipomjibu kwamba ninakwenda kujifunza kushuka shimoni kwa kamba na kumtoa mtu aliyekwama humo, alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, shimoni watu huingizwa, hawaendi kujifunza." Behewa zima likacheka. Nami nilicheka pamoja nao, ingawa jambo lililonipeleka Nzega halikuwa la kuchekesha.

Miaka minne kabla ya safari hiyo, mtaani kwetu, jirani yangu alishuka kisimani kwake kukisafisha wakati wa kiangazi. Mashine ya petroli ya kuvuta maji ilikuwa imeteremshwa hadi nusu ya kina, ikanguruma humo kwa takribani saa nzima, ikazimwa, naye akateremka. Alipoitwa hakujibu. Mdogo wake alijifunga kiunoni kamba ya ndoo, ile ya plastiki ya buluu inayouzwa dukani kwa mita, akatukabidhi ncha yake watu watatu, mimi nikiwa wa mbele, akamfuata kaka yake. Alikuwa akikanyaga vidato vya ukutani, kwa hiyo kamba ilikuwa nyepesi mikononi mwetu. Ghafla ikawa nzito. Tulivuta, na baada ya mivuto michache ikakatika pale ilipokuwa ikisuguana na ukingo wa saruji. Tuliwazika wote wawili siku moja.

Kuhusu usiku ule wa treni sina mengi ya kusema. Tulisimama Uvinza, tukasimama Nguruka ambako samaki wa Malagarasi waliingizwa madirishani kwa makelele, na kulipopambazuka tulikuwa tumeshaipita Kaliua. Tabora nilikunywa chai ya haraka, nikapanda basi, na mchana nikawa Nzega.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mbinu hizi, ambazo ni za watu wa mapangoni, zifundishwe Tabora, mkoa uliolala juu ya mwamba mkongwe wa graniti, na si Tanga, ambako maji yamechonga mapango ya Amboni ndani ya mawe ya chokaa. Jibu ni kwamba Nzega ina mashimo yake yenyewe. Wachimbaji wadogo wa dhahabu huyaita maduara, na mengi hushuka wima kama kisima kabla ya kukunja kufuata mshipa wa dhahabu, kwa hiyo aliyezoea pango la wima akilitazama duara huona kitu anachokijua. Mwalimu wetu, Mtanzania aliyejifunza kazi hii kwa wapenda mapango wa Ufaransa, alitueleza kwamba mwaka 1956, watu walipovuka kwa mara ya kwanza kina cha mita 1,000 katika pango la Gouffre Berger, huko Ufaransa, bado walikuwa wakibeba ngazi za waya, mizigo kwa mizigo. Mbinu ya kushuka na kupanda kwa kamba moja tu ndiyo iliyokuja kuwapunguzia mzigo huo, na ndiyo tuliyokwenda kuisoma.

Tulikuwa wanafunzi tisa, wengi wao vijana wa machimboni, pamoja na mzee mmoja mrina asali wa Sikonge ambaye mwanawe alifanya kazi maduarani. Siku ya kwanza hatukuona shimo lolote. Tulikaa chini ya mwembe na vipande vya kamba, tukifunga na kufungua fundo lenye umbo la tarakimu nane hadi vidole vikauma, kisha mwalimu akatutaka tulifunge tumefumba macho, kisha tukiwa tumevaa glovu, kisha huku akitumwagia maji kichwani. Fundo la Prusik, ambalo Mwaustria Karl Prusik alilieleza kwa maandishi mwaka 1931, lilinipendeza zaidi: kitanzi chembamba huzungushwa mara tatu kwenye kamba nene, ukikisukuma kwa mkono kinateleza, ukikining'inia kinabana.

Alasiri mwalimu alitundika gunia la mchanga lenye uzito wa mtu kwenye kamba ya buluu kama ile ya kwetu, akalilaza juu ya ukingo wa jiwe, akalipa msukumo liyumbe. Sikuhesabu mara ngapi liliyumba, lakini halikuchelewa kuanguka. Ncha iliyobaki ilikuwa imeyeyuka na kuganda kama nta. Alieleza kwamba plastiki ya aina hiyo huyeyuka kwenye joto la kama digrii 160, na msuguano wa uzito mkubwa kwenye jiwe hulifikia joto hilo bila taabu. Kisha alitundika kamba ya kazi, ya nailoni, yenye unene wa milimita 10, iliyo na moyo wa nyuzi ndani na gamba lililosukwa nje, ambayo ikiwa mpya hubeba zaidi ya tani mbili. Gunia halikuanguka, ila gamba lilianza kutoa manyoya. "Hata hii ingekatika," alisema. "Nimewaonyesha ili msije mkadhani mmenunua uhai dukani."

Mzee wa Sikonge, ambaye muda wote huo alikuwa kimya, aliomba kuishika ile ncha iliyoyeyuka. Alituambia kwamba yeye hupandisha mizinga juu ya miti kwa kamba ya magome ya miombo, na kwamba tangu ujana wake hajawahi kuona kamba imekatikia hewani, hukatika inapogusa. Mwalimu alicheka kwa furaha, akasema hilo ndilo somo la kesho, na kweli kesho yake kutwa hatukufanya jingine ila kutafuta namna ya kuizuia kamba isiguse. Shimo likiwa na jiwe lililochomoza katikati, unafunga nanga nyingine, yaani kishikio cha kamba, hapo chini ili kamba ianze upya na kuning'inia wazi. Ikiwa haiwezekani, unaweka turubai au mpira kwenye ukingo na kulikagua kila baada ya mtu kupita.

Nanga zenyewe zina hesabu ambayo sikuwahi kuifikiria. Nilidhani ukifunga kamba kwenye miti miwili umegawa uzito nusu kwa nusu popote miti hiyo ilipo, na kumbe sivyo: mikono ya kamba ikiachana kwa pembe ya digrii 60, kila nanga hubeba kama asilimia 58 ya uzito, na ikiachana kwa digrii 120, kila moja inabeba uzito wote, kana kwamba ile ya pili haipo. Mwalimu hakutuandikia haya ubaoni. Aliwasimamisha vijana wawili wakishika ncha za kamba yenye ndoo ya maji katikati, akawaambia warudi nyuma hatua kwa hatua, na nyuso zao zikaeleza yaliyobaki.

Siku ya tatu tulipanda na kushuka kwenye jabali lenye kimo cha mita 15. Kifaa cha kushukia kilitaka utulivu tu. Cha kupandia kilitaka mapafu. Kina meno madogo yanayoachia kamba ikisukumwa upande mmoja na kuiuma ikivutwa upande wa pili, kwa hiyo vijana walikipa jina la mamba, na hadi tunaondoka hata mwalimu alikuwa akikiita hivyo. Mamba mmoja hukaa kifuani, wa pili mkononi akiwa na kitanzi cha mguu, nawe unakaa, unakunja magoti, unasimama, unakaa tena, na kila ukisimama umepanda kama nusu mita. Mtindo huu huitwa wa chura, na aliyeupa jina hilo hakukosea.

Hapo ndipo fulana yangu iliponitia adabu. Sikuwa nimeichomekea vizuri, na nilipokuwa nikishuka, mita nane hivi kutoka chini, pindo lake liliingia kwenye kifaa cha kushukia pamoja na kamba, nikakwama, kitambaa kikinibana mbavu. Jambo la kwanza lililonijia lilikuwa kuomba kisu. Mwalimu alinijibu kutoka juu, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, kwamba kamba iliyobeba mtu hukatika kwa kuguswa tu na kisu, na kwamba kila ninachokihitaji ninacho kiunoni. Nilimfunga mamba wa mkononi juu ya kifaa, nikasimama kwenye kitanzi cha mguu ili uzito uhame, nikaivuta fulana kidogo kidogo hadi ikaachia, ikiwa na tundu la ukubwa wa sarafu. Yote haya yalichukua kama dakika kumi, nazo zilinifundisha kuliko mafundo ya siku mbili.

Alasiri ile ile tulihamia kwenye uokoaji. Mtu aliyezimia akining'inia kwenye mkanda yuko hatarini kwa dakika, wala si kwa saa, hata kama hana jeraha lolote. Kwa hiyo mwokoaji humfuata kwenye kamba ile ile, humhamishia kwenye kifaa chake mwenyewe na kushuka naye. Mara ya kwanza nilitumia dakika 22, na mwenzangu aliyejifanya amezimia alikuwa akinielekeza. Mara ya mwisho nilitumia tisa, na mwalimu alisema bado ni nyingi.

Tukasimuliwa habari za Johann Westhauser, ambaye mwezi Juni 2014 alipigwa na jiwe kichwani ndani ya pango la Riesending, Ujerumani, akiwa karibu mita 1,000 chini, na ambaye kutolewa kwake kulichukua siku 11 na watu zaidi ya 700. Kijana mmoja aliuliza kwa nini hawakumpandisha haraka. Mwalimu aliuliza naye: kati ya wale 700, wangapi waliumia? Kisha akaeleza kwamba sehemu ya siku hizo ilitumika kufunga nanga mpya na kuzikagua.

Siku ya nne ilikuwa ya duara. Wenyeji walituonyesha mawili ambayo mwalimu aliyakataa alipoona matimba yake, yale magogo ya kuzuia kuta, yameoza, na nikiri kwamba nilinung'unika moyoni kwa jinsi tulivyokuwa tukitembea juani bila kushuka popote. La tatu lilikuwa limechimbwa kwenye mwamba mtupu, kavu, lenye kina cha mita 18, na mwenye eneo alituruhusu. Hata hapo hatukushuka. Kwanza kipimo cha hewa kiliteremshwa kwa uzi, taratibu, kikasimamishwa juu, katikati na chini, maana hewa ya kaboni dayoksaidi ni nzito na hutuama shimoni kama maji. Oksijeni ya kawaida ni karibu asilimia 21. Kipimo kikionyesha chini ya 19.5, hakuna anayeingia. Kijana mmoja alisema kwao hutumia mshumaa. Mwalimu alimjibu kwamba moshi wa injini una kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na mshumaa unaendelea kuwaka vizuri ndani yake huku mtu akifa. Niliomba arudie sentensi hiyo, kisha nikatoka kando kwa muda. Hakuna aliyenifuata, na ninawashukuru kwa hilo.

Usiku tulifanya zoezi la mwisho, nami nilichaguliwa kuwa majeruhi. Nilifungwa kwenye machela chini ya duara, mikono ikiwa ndani, taa yangu ikiwa imezimwa, na kutoka huko nilikiona kipande cha anga chenye nyota chache tu. Juu walikuwa wamepanga makapi, vile vigurudumu vya kupitishia kamba, kwa namna inayowafanya wavute mita tatu za kamba ili mimi nipande mita moja, uzito wangu ukipungua kwa theluthi mbili, angalau kwenye karatasi, maana msuguano nao hudai haki yake. Mazungumzo yalikatazwa. Ilisikika filimbi tu: moja ni kusimama, mbili ni kuvuta, tatu ni kuteremsha. Kila baada ya muda ilipigwa moja, nami nikabaki nikiyumba gizani, nikijua kwamba huko juu mzee wa Sikonge, aliyepewa kazi ya ukingo, alikuwa amepiga magoti akipapasa turubai kwa vidole vyake. Kisha zikapigwa mbili. Mita zile 18 zilichukua dakika 40.

Nilirudi Kigoma na treni, nikiwa na mita 30 za kamba nilizonunua kwa pesa ya baiskeli. Siku ya pili yake nilikwenda kwa shemeji, mjane wa jirani yangu. Kisima kimefunikwa kwa mfuniko wa saruji tangu mwaka ule, naye anachota maji bombani. Mwanawe mkubwa alinisaidia kuusogeza mfuniko, nikapiga magoti ukingoni. Nilipapasa nikakuta mifereji saba iliyochongwa na kamba za ndoo kwa miaka, mmoja wao ukimeza kidole changu hadi kiungo cha kwanza.

"Unatafuta nini, shemeji?" aliniuliza.

Nilimweleza kwamba ninaomba kupima kina cha kisima, hiki na vingine vya mtaa, ili ijulikane kila kimoja kinahitaji kamba ya urefu gani. Aliingia ndani, akarudi na ndoo ya zamani, mpini wake ukiwa bado na kipande cha kamba ya buluu, akaniuliza kama kinatosha. Nilimwambia tutatumia ya kwangu, nikaanza kulikunja turubai ili niliweke ukingoni.