Majina elfu kumi ya mafaili yasiyokuwepo

Seva ilikuwa ya CentOS 7 (toleo mojawapo la Linux), RAM GB 16, ikiendesha programu moja ndogo ya Java. Kila baada ya siku tatu nne RAM iliyo wazi inakauka, na kengele ya seva inaanza kuliza simu yangu usiku. Nikaituhumu Java. Nani haituhumu Java kwanza?

Lakini `free`, amri ya kuonyesha matumizi ya RAM, ilionyesha kilichonenepa ni buff/cache, yaani RAM ya vitu vilivyohifadhiwa vitumike tena. Nikafuta kache ya mafaili kwa `echo 1 > /proc/sys/vm/drop_caches`, haikupungua kitu cha maana. Ndipo nikafungua `slabtop`, inayoonyesha RAM inayotumiwa na kerneli yenyewe, kile kiini cha Linux. Mstari wa juu kabisa: dentry, milioni 40. Kila moja baiti 192, yaani GB 7.7 hivi za majina tu, kwenye diski ambayo haina hata mafaili laki tatu.

Dentry ni kadi inayoandikwa na kerneli ya Linux kila ikitafuta jina la faili, ili siku nyingine isihangaike na diski. Nilichokuwa nimesahau ni kwamba hata jibu la "halipo" lina kadi yake. Karani wa masjala akilikosa faili anaandika pembeni, kesho asipande tena ngazi bure. Sasa mletee mtu anayeuliza majina ya kubuni mchana kutwa.

Nani huyo? Nikasakinisha bcc-tools (zana za kuichungulia kerneli) na kuwasha `dcsnoop`, ambayo isipoongezewa chochote huonyesha majina yaliyokosekana kwenye kache tu. Vimistari vichache vya kawaida vikapita. Kisha skrini ikafurika (kwanza programu inayouliza, M ni "limekosekana"):

curl M .3219811409_dOeSnotExist_.db
curl M .3219811410_dOeSnotExist_.db

Halafu kimya. Dakika moja baadaye, mafuriko tena. Kila dakika… cron, kazi inayojiendesha kwa ratiba! Tena ya kwangu mwenyewe, niliyoiweka ipige programu kwa curl (amri ya kuita anwani za wavuti) ya https kuona kama iko hai.

Curl ya CentOS 7 hutumia maktaba ya NSS kwa usalama wa https. Kabla ya kufungua hifadhidata ya vyeti iliyo /etc/pki/nssdb, NSS hupima kwanza kasi ya saraka hiyo, isije ikawa iko kwenye diski ya mtandaoni. Huipimaje? Inauliza mafaili ambayo yenyewe inajua hayapo, hadi milisekunde 33 ziishe au maswali yafike 10,000. Na namba kwenye jina ni mpya kila mara, kwa hiyo zile kadi hazimfai mtu yeyote tena. Siku ina dakika 1,440, zidisha mwenyewe.

Niliongeza `NSS_SDB_USE_CACHE=yes` juu ya crontab (faili la ratiba hiyo), kipimo hicho kikarukwa. Kadi za zamani nilizifuta kwa `echo 2` kwenye drop_caches ile ile, na amri ilikaa muda mrefu hadi nikadhani nimeiua seva. Kusema kweli kerneli ingeziachia yenyewe RAM ikibana, ila kengele yetu haikujua hilo.

Kesho yake, namba ya kwanza kwenye /proc/sys/fs/dentry-state, yaani idadi ya dentry, ilikuwa 310,000 na kidogo.