Simu ya muuguzi baada ya shambulio la moyo

Muuguzi mratibu asingoje siku ya kliniki. Apige simu ndani ya siku 2 au 3 tangu mgonjwa atoke wodini. Asiulize "unameza dawa?" maana jibu huwa ndiyo. Amwambie achukue pakiti, wahesabu vidonge pamoja kwenye simu. Kinachoponza wengi ni kuacha klopidogreli, dawa ya kuzuia damu kuganda: aliyewekewa stenti (kijibomba kinachoweka wazi mshipa wa moyo) anajiona mzima, anaiacha bila kumuuliza daktari, damu inaganda ndani ya stenti, shambulio linarudi. Miezi ya mwanzo aspirini peke yake kwa kawaida haitoshi.

Halafu mizani: kila asubuhi, baada ya kukojoa, kabla ya kula. Kilo 2 zikiongezeka ndani ya siku 3, huenda ni maji yaliyojaa mwilini, si unene. Daktari aarifiwe siku hiyohiyo. Kifua kikibana na kisitulie kwa dakika 5, ni ambulensi, si muuguzi.