Damu yangu ilipobaki Moshi

Mwezi uliopita nilipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, mimi mzaliwa wa Moshi ambaye miaka yote niliridhika kuutazama mlima huo nikiwa barazani. Tulipofika kambi ya Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, kichwa kilianza kuniuma na kucha zangu zikawa na rangi ya zambarau hafifu. Kiongozi wa msafara alizitazama, akanibana kidole kwa kile kifaa kidogo cha kupimia oksijeni, akasema, "Dada, kesho tunalala hapa hapa, damu yako bado iko Moshi."

Kauli hiyo ina ukweli mwingi: damu yangu ilikuwa bado haijazoea hewa ya juu, yenye oksijeni kidogo. Figo zinapohisi upungufu wa oksijeni, huongeza homoni iitwayo erithropoietini, ambayo husafiri hadi kwenye uboho wa mifupa na kuzisaidia seli changa kuendelea kuishi, kugawanyika na kukomaa kuwa seli nyekundu za damu, zile zinazobeba oksijeni. Katika kukomaa huko kila seli hukitupa nje kiini chake, kwa hiyo haiwezi tena kugawanyika, na huishi takriban siku 120 tu. Ugunduzi wa jinsi seli zinavyokitambua kiwango cha oksijeni uliwapatia William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza Tuzo ya Nobel mwaka 2019.

Hata hivyo, seli mpya huchukua siku kadhaa kuingia kwenye damu kwa wingi. Siku ile kilichoniokoa ni kupumua kwa kasi na kupumzika. Kilele cha Uhuru nilikifikia, ingawa mita za mwisho nilikuwa kama ninatambaa.