Rafiki wa Zamani Saa Zake Zilishalipwa

Wanaume wa umri wangu, hasa sisi tunaoishi Dar es Salaam, hatukosi watu wa kukaa nao. Tuna majirani, tuna wenzetu wa kazini, na tuna makundi ya WhatsApp ya tuliosoma pamoja, ya ukoo, na ya kamati za harusi ambazo maharusi wake sasa wana watoto wa shule. Tunayemkosa ni yule mtu ambaye, ukipata majibu mabaya hospitalini, unampigia kabla hujajua utamwambiaje mkeo. Wengi wetu tuliwahi kuwa naye, na kwa maoni yangu ni rahisi zaidi kumrudisha huyo kuliko kumtafuta mpya.

Mwaka 2018 Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, alichapisha utafiti kuhusu muda unaohitajika ili watu wawili wawe marafiki. Alikadiria kuwa huchukua saa 50 hivi za kuwa pamoja kutoka kufahamiana tu hadi urafiki wa kawaida, saa 90 hivi kufikia urafiki kamili, na zaidi ya saa 200 kwa rafiki wa karibu. Shule ya bweni ilitupa saa hizo bila sisi kuzihesabu: mmoja kitanda cha juu, mwingine cha chini, foleni moja ya uji, adhabu moja ya kuchelewa mchakamchaka. Mtu mzima anayekutana na mwenzake saa mbili kila mwezi atahitaji zaidi ya miaka minane kufikisha hizo 200, na hapo hatujamhesabu anayehamishiwa Mbeya.

Mara nyingi hatuachani kwa ugomvi. Mmoja amejenga Bunju, mwingine Chanika, na foleni ya barabarani inakula jioni yote, hivyo urafiki unabaki kuwa wa misibani. Tunakaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, tunaulizana watoto wamefika darasa la ngapi, tunaahidiana kwamba safari hii lazima tutafutane, kisha kila mmoja anawasha gari. Wanawake wametuzidi hapa, kwa kuwa vikoba na upatu vina siku inayojulikana, na asiyefika huulizwa yuko wapi. Ratiba yetu sisi tumewaachia Simba na Yanga.

Wazee wetu walikuwa na baraza na bao. Lile bao lenye mashimo 32 na kete 64, ambalo Mwalimu Nyerere mwenyewe alilipenda, lina faida moja ambayo mgahawa hauna: wachezaji wanatazama kete, hawatazamani usoni. Mwanaume anaweza kusema kwamba kazi imeisha, au kwamba nyumbani hakukaliki, huku mkono wake ukiendelea kusambaza kete, na mwenzake akaitikia bila kuinua macho. Ndiyo maana napendekeza kwamba anayetaka kufufua urafiki asimwite mwenzake waje "kuongea", bali amwite kwenye shughuli: kukagua kiwanja, kupeleka gari gereji, au kutazama mechi, na siku itajwe papo hapo.

Kabla ya hapo, hata hivyo, kuna simu ya kwanza, na hiyo ndiyo ngumu. Namba iliyokaa kimya miaka mingi ikiita, mpokeaji anahisi mchango au mkopo, na hatuwezi kumlaumu. Kwa hiyo jambo hilo liondolewe mapema: "Kaka, sina shida yoyote, nimekukumbuka tu." Halafu mwite kwa jina la utani la shuleni, lile ambalo mkewe hajawahi kulisikia, na utamsikia akicheka kabla hajajibu. Utafiti wa Peggy Liu na wenzake, uliotoka Marekani mwaka 2022, ulionyesha kuwa wanaotafutwa hufurahi kuliko mtafutaji anavyodhani.

Mahali pa kukutana nako kuna siasa yake. Kati ya watu waliosoma pamoja, mmoja ana gari la serikali na mwingine anasubiri daladala, na ukichagua baa ya bei kubwa yule wa pili atatoa udhuru mara ya kwanza na hatapokea simu mara ya pili. Kahawa na kashata kijiweni havimwaibishi yeyote.

Linabaki suala la deni, ambalo nadhani limevunja urafiki mwingi wa wanaume kuliko wivu. Aliyekopa anakwepa, aliyekopesha anaona haya kudai, na miaka inapita kwa kiasi ambacho leo wote wawili wangekitumia kwa mafuta ya wiki moja. Hapo anayepaswa kupiga simu ni mwenye kudai, kwa sababu mwenzake hathubutu, naye aseme waziwazi kama amesamehe au kama anataka alipwe kidogo kidogo, ndipo mambo ya watoto na mpira yafuate.