Mama mdogo kapewa cheti

Leo mama mdogo kapewa cheti na doti ya kanga kazini kwao, halmashauri, kwa kazi ya mazingira. Mwenyewe kanyamaza kimya mpaka jirani alipotuonyesha picha!

Mnaomjua mnajua shughuli yake. Mvua ikinyesha usiku, alfajiri yuko Mto Mirongo, Mwanza, na wenzake, buti hadi magotini, wanachomoa chupa za plastiki na viatu vibovu kabla havijateremka Ziwa Victoria. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, na anasema tofauti aliiona mwenyewe kwenye reki. Chupa ndiyo sugu. (Mizoga siitaji, najua kuna wanaosoma huku wanakula.)

Siku nyingine hupelekwa mwaloni, wavuvi wanakoshushia samaki, kuvuta gugumaji. Ua lake la zambarau zuri kweli, ila lishike uone: mizizi imejaa maji na tope, kikapu kimoja watu wawili. Wavuvi wanahangaika nalo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980.

Nimemuuliza cheti tukitundike wapi. Kasema kwanza nimtafutie glavu, zake zimetoboka kidole gumba. Kanga keshampa bibi.