Sadaka ya mavuno na mama aliyepalilia

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Tafakari ya wiki hii nilitaka iwe ya shukrani tu, maana ndio msimu wake. Mahindi yameshatoka shambani, turubai zimetandazwa kwenye nyua zetu hapa Mbeya, kuanzia Uyole mpaka Inyala, malori yanapishana barabarani, na sharika nyingi ziko kwenye Sikukuu ya Mavuno. Somo nilishalichagua, Zaburi ya 65: "Umeuvika mwaka taji ya wema wako." Lakini tangu Jumatatu kila nikiifungua Zaburi hiyo moyo unakataa.

Jumatatu jioni alikuja mama mmoja nyumbani. Ameniruhusu niyaseme haya bila kumtaja jina, na hakai mtaa wetu. Baridi mnaijua ilivyo sasa hivi. Alikuja amejitanda kitenge mpaka masikioni, akavuta kigoda karibu na jiko la mkaa. Kidole gumba cha kulia kilikuwa kimefungwa kitambaa, kucha imeachia kwa kupukuchua mahindi. Akaniomba nimkopeshe elfu ishirini, mtoto anadaiwa mchango wa chakula shuleni.

Nikamwambia, "Mama, si wiki iliyopita tu mmeuza?"

Akasema, "Mahindi nimeyaona yakipakiwa, dada. Hela sijaiona. Imeingia kwenye simu ya baba, na nikiuliza naambiwa nina maneno mengi."

Hakulia. Alisema kama mtu anayetaja bei ya sukari, na hilo ndilo limenikosesha usingizi wiki nzima, kwamba ameshalizoea.

Wapendwa, nisingeandika kama ingekuwa nyumba moja. Lakini sisi tunaokaa kwenye vikao vya jumuiya tunajua. Msimu wa kilimo nyumba nyingi huku kwetu zina amani, wote wamechoka, wote wanategemea mvua. Ugomvi unakuja na lori. Kabla dalali hajafika, mahindi ni yetu. Dalali akishafika na mzani, mahindi ni ya baba. Mama anakuja kusikia habari za fedha yake kwa watu, kwamba baba fulani kaonekana Mwanjelwa mjini, kwamba kanunua pikipiki, kwamba kuna mahali ametuma hela ambako mama hapajui.

Nani alikuwa shambani Novemba, mvua za kwanza zilipoanza? Mama alikuwa anafukia mbegu na mbolea ya kupandia, baba akitangulia na jembe, hilo tunalikubali. Januari kwenye palizi, je? Hapo akina baba wengi walishahamia kwenye vibarua na biashara, na mama yuko kwenye tope na mtoto mgongoni, jioni arudi akawashe moto, achote maji, aulize daftari za shule. Mbolea ya kukuzia aliiweka nani, shina kwa shina? Viwavijeshi vilipoingia, nani alikuwa akifunua majani alfajiri na mapema? Nani alivuna, akabeba, akapukuchua, akaanika, akaanua mvua ya ghafla ilipotisha, akapepeta? Mtume Paulo anamwandikia Timotheo hivi: "Yampasa mkulima mwenye taabu ya kazi kuwa wa kwanza wa kupata fungu la matunda." Wa kwanza, ndugu zangu. Wengine wetu tumemfanya wa mwisho, na wengine tumemfanya mwombaji katika nyumba yake mwenyewe.

Mithali 31 tunaipenda sana. Hakuna harusi ya Kikristo nimekwenda, Mbeya wala Iringa, isiyosomwa "mke mwema, ni nani awezaye kumwona." Tunasoma habari za taa yake isiyozimika usiku, na mikono yake kwenye kazi, na vigelegele vinapigwa. Mstari wa mwisho kabisa wa sura hiyo husomwa haraka kwa sababu mpiga picha anasubiri: "Mpe mapato ya mikono yake, na matendo yake yamsifu malangoni." Mpe. Hiyo ni amri, na anayeamriwa ni yule anayefaidika na kazi ya huyo mama. Sifa za malangoni zinakuja baada ya mapato. Sisi tumeruka mapato, tumebaki na sifa.

Kuna baba atasema mambo haya ni ya semina za wanaharakati. Hapana, baba yangu. Ni kweli hata Mahakama ya Rufani ya nchi hii, mwaka 1983, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Lakini Petro alishatangulia, na alikwenda mbali kuliko hakimu yeyote. Anawaambia waume wakae na wake zao kwa akili, wawape heshima, kama warithi pamoja wa neema ya uzima, halafu anamalizia: "kusudi kuomba kwenu kusizuiliwe." Baba unafunga na kuomba. Unaamka saa tisa usiku. Unataka mtoto apate kazi, ng'ombe wapone, kifua chako kipone. Petro anakuambia maombi yanaweza kuzuiliwa, na kizuizi amelala kitandani kwako ameelekea ukutani, kwa sababu umemdhulumu na unajua umemdhulumu. Usimtafute mchawi. Usipande milima kufunga siku tatu. Anzia hapo.

Injili iliingia Rungwe, hapa mkoani kwetu, mwaka 1891. Babu zetu walibatizwa, wakatujengea makanisa ya matofali ya kuchoma, wakatufundisha nyimbo kwa sauti nne. Kweli baada ya miaka zaidi ya mia na thelathini tunashindwa kukaa meza moja na mama watoto tukahesabu hela ya mahindi?

Niwape ushuhuda, kwa utukufu wa Mungu, kwa sababu nimeona kwamba inawezekana. Tulipooana, baba mkwe wangu, mzee ambaye hakusoma zaidi ya darasa la nne, alituita baada ya mavuno yetu ya kwanza. Akamwambia mume wangu mbele yangu, "Fedha ya shamba haihesabiwi na mtu mmoja." Basi. Wala hakuhubiri. Tangu hapo mume wangu akiuza, hela inafika mezani kwanza. Siku hizi ni kwenye simu, lakini simu yenyewe inawekwa mezani, ujumbe unasomwa kwa sauti. Tunaomba kabla ya kuhesabu. Linatoka fungu la Bwana, inatoka mbolea ya msimu ujao, zinatoka za watoto, deni la dukani, kidogo cha mama mkwe. Yote yanaandikwa kwenye daftari lenye jalada la kijani ambalo hata watoto wanalijua. Na kila mwaka, bila mimi kuomba, anaandika mstari mmoja: kitenge cha mama.

Mwaka 2017, mahindi yalipozuiwa kwenda nje ya nchi na bei ikaanguka huku nyanda za juu, alirudi sokoni na hela ambayo haikufikia hata gharama ya mbolea. Aliiweka mezani vilevile. Alikuwa hawezi kuniangalia. Lakini kwa kuwa nimezoea kuona zote, niliamini kwamba ndizo zote. Tuliomba, tukala viazi, tukapanga kuuza nguruwe mmoja. Mwaka ule kuna nyumba zilivunjika, na nasema kwa hakika kilichozivunja si bei. Mama aliyezoea kufichwa wakati wa neema hawezi kuamini siku baba anaposema kweli kwamba hakuna kitu.

Akina mama wenzangu, nasi tuna letu, nitalisema kwa ufupi. Ukificha za kikoba kwa sababu umefichwa za mahindi, nyumba sasa ina wafichaji wawili. Na baba akiweka hela mezani, usimhesabie makosa ya miaka mitano iliyopita kabla hajamaliza kusema amina. Mshukuru. Asante inatamkika, na wanaume wetu wana njaa nayo kuliko wanavyoonyesha.

Sasa nirudi kwenye sikukuu. Napenda mnada wa mavuno. Napenda jogoo anapopandishwa bei mpaka watu wanasimama kwenye mabenchi, na mkungu wa ndizi kutoka Tukuyu unaonunuliwa, ukarudishwa, ukanunuliwa tena. Bwana anapokea kwa furaha. Lakini ni Bwana huyohuyo aliyesema ukileta sadaka yako madhabahuni, ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache pale, uende upatane naye kwanza. Na ndugu wa karibu kuliko mke ni yupi? Baba anayepandisha jogoo kwa elfu sitini wakati mama aliyemlea jogoo hana elfu mbili ya chumvi na sabuni, aiache hiyo sadaka pale mbele. Tutamlindia. Aende kwanza nyumbani.

Wachungaji na wazee wetu wa kanisa, naomba kwa heshima msilionee haya jambo hili. Tunatangaza ahadi za jengo na majina ya waliomaliza kutoa. Tutangaze na hili, hata kama sahani itarudi nyepesi Jumapili moja.

Na baba unayesoma haya, kama fedha ya mahindi bado unayo, usingoje semina ya ndoa. Usiku huu watoto wakishalala mwite mama, fungua simu, msome ujumbe wote, hata ule wa deni uliokuwa unauruka. Kama kuna samahani ya kuomba, omba. Ombeni pamoja, mtoe fungu la Bwana mkiwa wawili. Halafu ingieni ndani mhesabu magunia ya chakula yaliyobaki, mkubaliane hayauzwi, maana mpaka mavuno mengine kuna Februari na Machi za kuvuka.